Mashuka Makavu ya Mwanajuma

Kijana yeyote anayeingia bafuni kwangu hapa Toongabbie, Sydney, hutoka na swali lile lile: "Babu, lile pipa jeupe karibu na mlango ni la nini?" Mmoja wenu, mwanafunzi aliyefika juzi juzi kutoka Dodoma, hata kuuliza hakuuliza. Alidhani ni tenga la nguo chafu, akatumbukiza soksi zake mle na kufunika kwa adabu zote. Mke wangu Mwanajuma alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa.

Si pipa hilo, wanangu. Ni mashine ya kukamulia nguo. Haifui. Haipulizi hewa ya moto. Haina kioo cha kuchungulia wala vitaa vya kumetameta. Unaitia nguo iliyolowa chepechepe, unafunga kifuniko, inazunguka kwa kasi ya kichaa, maji yanatoka kwenye mdomo wake ulio chini, na nguo unaitoa haidondoshi hata tone. Basi. Ina kazi moja tu, lakini inaijua.

Na mimi nilikuwa na kazi moja tu. Nilikuwa dobi. Nasema dobi, wala sisemi "nilikuwa kwenye sekta ya usafi" kama mwanangu Saumu anavyonitambulisha kwa wakwe zake. Nilianzia hotelini Tanga, ambako mashine ya kukamulia ilikuwa mimi na mwenzangu: huyu anashika ncha hii ya blanketi, yule ncha ile, kila mmoja anasokota kwa upande wake mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nikamalizia hapa Sydney, kwenye kiwanda cha kufulia kule Minto, tukifua mashuka ya hospitali na mahoteli. Miaka yote hiyo niliwafulia watu ambao sikuwahi kuziona sura zao. Kisha nikastaafu, na baada ya kustaafu ndipo ikanijia kazi kubwa kuliko zote, ya mteja mmoja, bafuni kwangu mwenyewe. Hiyo ndiyo ninayotaka mwijue, maana nyote mna wazazi, na wazazi hawaachi kuzeeka.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha, nisije nikaonekana nilizaliwa najua.

Kule Minto mashine za kukamulia zilikuwa kubwa, mtu mzima angeweza kulala ndani akajinyoosha. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, jina lake Sela, mpana wa mabega, mpole, asiyefungua kinywa mpaka pawe na haja. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonyesha kwamba nina nguvu. Nikaijaza mashine mpaka kooni, nikasukumiza na shuka la mwisho kwa goti, nikawasha. Loo! Ikaanza kupiga sakafu ngumi, du, du, du, mpaka watu wa pasi wakaacha kazi kuja kutazama. Sela akaja bila haraka, akazima, akafungua, akanionyesha mashuka yalivyokimbilia upande mmoja kama watu waliosikia pilau limeiva.

"Athumani," akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole, "mashine iliyojaa inazunguka tu. Iliyojaa nusu ndiyo inayokausha."

Nilidhani mama huyu ananifundisha uvivu. Nikamwitikia, na alipogeuka nikaijaza tena. Jioni ile mashuka yangu yalirudishwa kutoka kwenye pasi, yana unyevu katikati, nikayakamua upya mbele ya kila mtu. Baada ya hapo nilimsikiliza.

Sela hakunifundisha kwa hotuba. Alinishika mikono. Nguo, alinionyesha, haitupwi katikati ya ngoma. Unaizungusha ukutani, tabaka juu ya tabaka. Mimi niliielewa kwa namna ya kwetu: kama bibi anavyozungusha ukili anaposhona kikapu, duru kwa duru, pande zote ziwe na unene mmoja. Zito likae chini, jepesi juu, na katikati pabaki shimo. Akanifundisha na kusikiliza. Yeye alifanya kazi akiwa ameipa mashine mgongo, na alijua hali ya kila moja kwa sikio. Iliyopangwa vizuri huanza kwa kunguruma, sauti inapanda, inapanda, mpaka inakuwa nyembamba kama mluzi. Ikigonga mara ya kwanza, ngoja kidogo, huenda inajiweka sawa. Ikiendelea kugonga, zima. Usiikalie juu! Najua mnaikalia, nimewaona kwenye hizo video zenu. Mashine inayogonga haihitaji makalio, inahitaji kupangwa upya.

Nilipostaafu nikanunua hii ndogo, imeshatumika mikononi mwa mtu mwingine. Nyumba yetu ni unit ya ghorofa ya pili, na mashine za kufulia ziko chini, za kushirikiana jengo zima. Niliona aibu kutegemea mashine ya watu kukamua kanzu yangu ya Ijumaa. Saumu alipoiona akasema, "Baba, umestaafu udobi au umeuhamishia nyumbani?"

Kisha Mwanajuma akapigwa na kiharusi.

Upande wote wa kushoto ulilala. Mguu, mkono, hata bega. Ulimi haukuguswa, na wote wanaomjua mke wangu wanakubali kwamba Mungu alijua alichokiacha. Tulirudi naye nyumbani akiwa mtu wa kitandani, na kwa muda mambo yalienda vizuri. Asubuhi walikuja wahudumu kumwogesha na kumgeuza, na kila wiki alikuja muuguzi kumkagua. Muuguzi huyo alikuwa Mkenya, dada wa Nyeri aitwaye Wanjiru, mwenye mwendo wa haraka na mikono ya polepole, na hiyo ndiyo sifa ya muuguzi.

Halafu ikaja korona, ikaondoka kidogo, ikarudi kwa kishindo na ile lockdown ndefu ya huku magharibi mwa Sydney. Wale mliokuwa hapa mnakumbuka. Wahudumu wakapungua, leo huyu yuko karantini, kesho yule, mpaka asubuhi moja hakuja mtu. Ofisi ikapiga simu kuomba radhi. Wanjiru naye akawa wa kwenye skrini ya simu. Saumu anaishi Mount Druitt na anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Ugonjwa ulikuwa umeingia kazini kwake, akaogopa kumletea mama yake. Alikuwa akiacha vyakula mlangoni, anashuka, anasimama kwenye nyasi, na mimi nausogeza mto wa Mwanajuma ili waonane dirishani wapungiane mikono. Kama hiyo haitoshi, familia moja ya ghorofa ya chini ikaugua, na chumba cha kufulia cha jengo kikafungwa kwa kufuli.

Wanjiru akanipigia. Nikaegemeza simu kwenye birika la chai ili anione vizuri.

"Mzee, sikudanganyi," akasema. "Mgonjwa wa kitanda, enemy wake ni unyevu. Jasho, mkojo, shuka halijakauka, anything. Ngozi ikipasuka, kidonda kinaingia ndani haraka sana. Na kikiingia ndani, mimi kwa simu sitaweza kitu. Itabidi aende hospitali, na from there watampeleka nursing home."

"Na huko nitaweza kumtembelea?"

Akatikisa kichwa. Saumu alikwishanisimulia anayoyaona kazini, wazee wakiagana na watoto wao kupitia kioo, na yeye Saumu ndiye amewashikia simu.

Nilidhani Mwanajuma amesinzia. Kumbe anasikia kila neno.

"Athumani," akaniita. "Mimi siendi huko."

"Huendi."

"Na jambo jingine. Nataka kusali. Siwezi kusali juu ya mkojo wangu. Kitanda changu kiwe twahara."

Nikamwambia kitakuwa twahara na kitakuwa kikavu. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekwisha pata njia. Kisha nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikatazama beseni la kuogea, nikatazama ile mashine yangu nyeupe, nikakunja suruali.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye faida kwenu.

Nilifua kwa miguu, ndani ya beseni la kuogea, maji ya moto kiasi cha kustahimilika. Sabuni kidogo. Ninyi mnaamini povu, lakini povu ni kelele tu. Uchafu unaondolewa na maji na muda. Nikisha kukanyaga, ninalikamua shuka kwenye mashine mara ya kwanza, na hapo kuna siri ambayo wengi hawaijui: mashine ya kukamulia si ya mwisho wa kazi peke yake, ni ya kusuuzia pia. Ukisuuza shuka lililojaa maji ya sabuni, unaongeza maji juu ya sabuni. Ukilikamua kwanza, sabuni inatoka pamoja na maji yake, kisha shuka linakunywa maji safi kama mtu mwenye kiu. Nilikuwa nakinga mkono kwenye ule mdomo wa chini. Maji yakiteleza kati ya vidole, sabuni bado ipo, rudia. Maji yakiwa hayana utelezi, hayana povu, hayana harufu, shuka limetakata. Sabuni inayobaki kwenye shuka inakula ngozi ya mgonjwa polepole kama mchwa, na hamtaiona kwa macho. Kwa ajili ya twahara nilisuuza kwa maji mapya mara tatu, na Mwanajuma akiwa kitandani anauliza, "Ya ngapi hiyo?" kama mkaguzi.

Waya wa umeme uwe mbali na maji. Mashine yangu niliiweka pale mlangoni, kwenye pakavu, nikawa nafuta mikono kabla ya kugusa swichi. Na mkono hauingii ndani mpaka ngoma isimame kabisa, isimame kama ukuta. Kule Minto kijana mmoja aliingiza mkono mashine ikiwa "karibu inasimama". Hakupoteza mkono, alhamdulillahi, lakini saa yake tuliitoa vipande vipande.

Siku ya pili mtu wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Jina lake Kev, mzee Mwaustralia, dereva wa lori mstaafu. Mashine ndogo hutembea, wanangu. Ukiiacha kwenye vigae, inajikokota kama mtu anayetafuta mlango. Nikashuka na barakoa yangu, nikasimama mbali na mlango wake, nikamweleza: mke wangu yuko kitandani, chumba cha kufulia kimefungwa, sina namna. Kev akanisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Nikapanda ngazi nimeinama. Baadaye kidogo nikasikia hodi, kufungua sikuti mtu, nakuta mazulia mawili ya mpira ya kwenye lori, mazito, yamesuguliwa yakang'aa. Nikayatandika chini ya mashine. Haijatembea tena.

Shuka likitoka kwenye mashine halitoki kama shuka. Linatoka limejikunja kama kamba, lina makunyanzi magumu, na ukilianika hivyo linakauka na makunyanzi yake. Kwa mtu mzima si neno, unalala tu. Kwa mtu asiyeweza kujigeuza, kunyanzi moja chini ya nyonga ni kama kulalia kamba. Kwa hiyo shuka lazima likung'utwe. Kiwandani tulikung'uta wawili wawili, huyu huku, yule kule, tunavuta kwa pamoja, pa! Kitambaa kinanyooka na sauti inajaza chumba. Sikuwahi katika maisha yangu kukung'uta shuka peke yangu. Nilijaribu kufunga pembe kwenye kitasa cha mlango, shuka likachomoka, likaanguka chini, ikabidi nilifue upya. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, shuka mapajani.

"Lete," Mwanajuma akasema.

"Nilete nini?"

"Lete pembe. Mkono huu wa kulia umekufa?"

Nikampa pembe mbili kwenye ngumi yake ya kulia. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikashika zangu. Nikahesabu, tukavuta. Halikutoa hata mlio. Lilimponyoka. Nikasema basi, akasema tena. La pili likamponyoka. La tatu likalia, hafifu, lakini likalia, naye akatoa macho kama msichana aliyerusha jiwe likafika ng'ambo.

Kuanzia hapo akawa mwenzangu wa kazi. Kila shuka lilipita mikononi mwetu wawili. Nikilegea ananigombeza. Wanjiru alipoona kwenye simu alicheka, kisha akasema hilo ni zoezi bora kuliko lile la kufinya mpira alilomwachia, ambalo Mwanajuma alikuwa amelikataa kwa maelezo kwamba yeye si mbwa.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa hodari. Shuka likikamuliwa vizuri halihitaji jua. Nilianika kwenye kamba niliyoifunga sebuleni, karibu na hita lakini si juu yake, na lililoanikwa baada ya chai ya asubuhi lilikuwa tayari kabla ya alasiri. Nilijivuna kidogo. Nilimpigia Saumu nikamwambia, "Baba yako bado yumo."

Kisha tumbo la Mwanajuma likachafuka, na mvua ikaanza siku hiyo hiyo.

Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuchafua mashuka kiasi kile. Nilibadilisha, nikafua, nikaanika, na kabla sijakaa ananiita tena, sauti yake ndogo, anaomba msamaha, na kuomba kwake msamaha kuliniuma kuliko kazi yenyewe. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, kamba imejaa, mashuka ya akiba yamekwisha. Nikaanza kuharakisha. Nikatia mashuka mawili kwa pamoja kwenye mashine, mara nyingine na kanga nilizokuwa nazikunja kumtandikia katikati. Mashine ikazunguka, mluzi ukasikika, nikatoa, nikagusa pembeni, pakavu, nikaanika, nikatandika.

Asubuhi moja nikamgeuza ili Wanjiru amwone mgongo kwa simu. Akaniambia nisogeze. Nikasogeza. Akaniambia niwashe taa.

"Mzee, hapo juu ya nyonga. Unaona hiyo red?"

Niliona. Duara jekundu, pana kama kiganja cha mtoto.

"Bonyeza na kidole. Polepole. Sasa toa. Inageuka nyeupe?"

Nikabonyeza. Palipobonyezwa pakawa peupe, kisha wekundu ukarudi taratibu.

"Imerudi," nikasema.

"Sawa. Basi ngozi bado iko hai, hatujachelewa. Lakini ikifika mahali unabonyeza na haigeuki, ama ipasuke, unanipigia saa hiyo hiyo, na tutamtoa, Mzee. Sitakubembeleza." Kisha akanifundisha upya namna ya kumlaza: mto mgongoni, mto mwingine kati ya magoti, nyonga ile isiguse kitanda hata kidogo, na nimgeuze mara nyingi zaidi kuliko nilivyokuwa nikifanya. Nilirudia maneno yake kwa sauti, kama mwanafunzi wa chuoni, naye akanisahihisha mpaka nikayashika.

Alipokata simu nikaenda kwenye kamba. Nikalichukua shuka nililokuwa nikilihesabu kavu, nikaliweka shavuni. Vidole hudanganya, wanangu, hasa vya mtu aliyeshinda majini. Shavu halidanganyi. Pembeni palikuwa pakavu. Katikati palikuwa na ubaridi, ubaridi kidogo sana, wa kitambaa ambacho bado kinashikilia maji. Nikalikunjua, nikalipima shuka la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo. Nilikuwa nimejaza mashine, nayo ilikuwa ikizunguka tu.

Niliyatoa yote kwenye kamba. Yote. Nikarudi bafuni, nikaanza moja moja. Shuka moja peke yake, nimelizungusha ukutani kwa utulivu, duru kwa duru, katikati shimo. Niliacha mashine izunguke hadi tone la mwisho litoke mdomoni, kisha nikaizima, nikaligeuza shuka lile lile, la ndani likawa nje, nikalikamua tena. Ajabu, mara ya pili maji yalitoka mengine, kwenye shuka ambalo mtu angeapa kwamba limekwisha maji. Kanga nikazikamua peke yake. Ilionekana ni kuchelewa. Lakini shuka moja kavu lina faida kuliko manne yenye unyevu, na mashuka yaliyokamuliwa hivyo yalikauka sebuleni ingawa mvua ilikuwa inapiga dirisha. Kila moja nililipima shavuni kabla halijaenda kitandani. Mwanajuma aliniona nimesimama nimelaza shavu kwenye shuka, nimefumba macho.

"Unalala wima sasa?"

"Nafanya kazi," nikamjibu.

Tumbo likatulia. Nyonga nikawa naibonyeza kila nilipomgeuza. Ule wekundu ukapauka ukawa waridi. Ukawa kivuli. Asubuhi nyingine nikamgeuza, nikatafuta mahali pa kubonyeza nisipaone, nikadhani nimekosea upande.

Masharti yalipolegezwa kidogo, Wanjiru akaja mwenyewe. Alipanda ngazi amevaa joho la plastiki, glavu, barakoa na ngao ya uso, anatoa sauti ya mfuko wa nailoni kila hatua. Mwanajuma akasema, "Huyu ni nani tena, ametoka mwezini?" Wanjiru akacheka, lakini alikuwa amechoka, macho yake yalikuwa yamezama. Alitueleza baadaye kwamba wiki ile alikuwa amewatembelea wagonjwa wengi aliokuwa akiwaona kwenye simu tu, na wengi hakuwakuta walivyokuwa.

Akamgeuza Mwanajuma. Akakagua visigino. Akakagua viwiko, mabega, mfupa wa chini ya mgongo. Akafika kwenye nyonga, akabonyeza, akatazama. Akaenda upande wa pili akaanza upya, kama mtu asiyeamini hesabu yake. Mimi nimesimama mlangoni, mikono nyuma, kama siku Sela alipokuwa akikagua mzigo wangu.

"Mzee," akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Hakuna kitu. Hata alama hakuna."

Akainuka. Machozi yalikuwa yanamtoka nyuma ya ile ngao na hakuweza kuyafuta, maana glavu zilikuwa zimemgusa mgonjwa. Akabaki amesimama yakimtiririka kwenye barakoa. "Haendi mahali," akasema. "Huyu haendi mahali popote. Nitaandika hivyo." Kisha akaniuliza kama ningekubali kuzungumza kwa simu na familia nyingine mbili tatu, watoto wanaolea mama zao na hawajui wafanyeje na mashuka. Nilikubali. Kwa hiyo kuna watu katika mji huu, wengine Wakongomani, wengine Wasudani, ambao hawajawahi kuniona ila kidevu changu kwenye skrini nikiwaelekeza, "Nusu! Jaza nusu tu! Zungusha ukutani!" Mama mmoja wa Kikongo aliniita "Papa Machine". Sikuukataa ubatizo huo.

Saumu akaja siku chache baadaye. Alikuwa amepimwa kabla ya kuja, na bado alisimama mlangoni anaogopa kuingia. Mwanangu alikuwa amekonda. Kazini kwao walikuwa wamepoteza wazee, na wengine alikuwa amewalea kwa miaka. Miezi yote ile alikuwa akiwageuza mama za watu, akiwatandikia, na mama yake mwenyewe anamwona kwa dirisha.

"Ingia," Mwanajuma akamwambia. "Au unasubiri kadi ya mwaliko?"

Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Akafanya kile alichozoea kufanya kazini, bila hata kufikiri: akapitisha mkono chini ya mgongo wa mama yake kupima shuka. Mkono ukaenda mpaka mwisho, ukarudi. Akapima tena, chini ya nyonga, chini ya miguu. Kisha akanitazama.

"Baba," akasema, "hata kazini kwetu, na wahudumu wote wale, wazee hatuwaweki wakavu hivi."

Nikanyoosha pembe ya shuka. Mtu akisifiwa na fundi mwenziwe hurudi kazini.

Mwanajuma akasogeza mkono wake wa kulia, akapiga pale pembeni mwake palipokuwa wazi. Saumu akavua viatu, akapanda, akajilaza kandokando, uso ameuzika kwenye mto wa mama yake. Alitaka kusema jambo, nadhani alitaka kuomba msamaha kwa kutokuja. Mama yake akamwambia, "Shh." Kabla sijaleta chai alikuwa amelala, mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo.

Nikasimama na kikombe mkononi. Mwanajuma akanitazama juu ya kichwa cha mtoto wake, akainua kidole kimoja: usimwamshe. Nikarudi kinyumenyume, nikavuta mlango taratibu.

Nimefua mashuka ya hospitali nzima, nimefua ya mahoteli wanakolala mawaziri. Lile walilolalia wale wawili alasiri ile, nililikamua mara mbili, peke yake, nikalipima kwa shavu. Ndilo ninalojivunia.